Waya kwanza, kompyuta baadaye

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenichosha. Mimi ni fundi wa kompyuta na netiweki hapa Dar, na kila nikiitwa ofisi mpya stori ni ileile, bosi kashanunua kompyuta zote, meza nzuri, AC inapuliza, halafu ndo anauliza "sasa fundi hizi tunaziunganishaje?" wakati hela ya seva (kompyuta kuu ya kutunzia mafaili ya wote) na waya imebaki ya soda.

Juzi kati niliitwa ofisi moja ya wahasibu (jina niachieni), wako 18, wanalalamika faili la Excel linafunguka utadhani linakuja kwa basi kutoka Kigoma. Nacheki, mafaili yote yanakaa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi! Ni Windows ya kawaida tu hii, haipokei zaidi ya mashine 20 kwa mpigo, na dada akizima akaenda kula basi ofisi nzima inakaa kupiga stori. Netiweki yenyewe imeanzia kwenye karauta walikopewa na watu wa intaneti, poti (matundu ya kuchomekea waya) nne za megabiti 100, hapo wamening'iniza viswichi vidogo, yaani viboksi vya kuunganisha waya za kompyuta, kimoja kimebebwa na kingine mpaka stoo. Megabiti 100 jamani ni kama megabaiti 12 tu kwa sekunde, halafu mnagombania watu 18.

Dawa yake wala sio ngumu, swichi moja ya gigabiti (kasi mara kumi ya hiyo megabiti 100) ya poti 24, kila meza ivutiwe waya wake usiozidi mita 100, na seva ichomekwe kwenye swichi hiyohiyo ya kati. Ila waya angalieni sana, Kariakoo utauziwa boksi la mita 305 kwa bei ya kutupa, ukiukwangua na kisu ndani ni mweupe, yaani aluminiamu imepakwa shaba kwa juu.

Na waya muweke lebo. Pale pale kwa wahasibu kuna siku mtu wa usafi aliona ncha inaning'inia, akaona asaidie, akaichomeka kwenye swichi ambayo upande wa pili wa waya huohuo ulikuwa umeshachomekwa, data zikawa zinajizungukia humohumo, taa zote zikawa zinapepesa kama ukumbi wa harusi, hakuna aliyefungua kitu mpaka mchana.

Bosi wao akanitambia kuwa data ziko salama, diski mbili zinanakiliana zenyewe. Nikamwambia bosi, ukifuta faili huku na kule linafutika, kirusi kikifunga mafaili kinafunga kotekote, hiyo inakusaidia diski moja ikifa basi. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ni ile unayoichomoa ukaipeleka nje ya jengo. UPS nayo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, wameweka kwenye kompyuta tu, swichi haina, kwa hiyo umeme ukikatika kompyuta zinawaka vizuri ila hazionani.

Nikawachorea yote kwenye karatasi ya A4, seva ikae wapi, waya upite wapi, poti nne zibaki wazi za watu watakaoajiriwa. Bosi kaiangalia weee, mwisho kaniuliza kama hiyo swichi inaweza kusubiri mwezi ujao, maana anataka kwanza anunue tivii ya mapokezi.

Fundi, Tabata, Dar es Salaam