Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Michoro ya Kolo isimwagiwe maji kwa ajili ya picha

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mpiga picha, naishi Dodoma, na likizo zangu nyingi huishia kwenye maeneo yetu ya urithi wa dunia. Nimepiga magofu ya Kilwa Kisiwani, nimepiga milango ya Mji Mkongwe. Barua hii lakini ni ya Kolo, wilayani Kondoa, kwa sababu huko nimeona mchoro wa kale wa mwambani ukiharibiwa mbele ya macho yangu ili picha itoke vizuri, na miongoni mwa walioipiga picha hiyo nilikuwepo.

Ilikuwa kiangazi, saa nne asubuhi. Tuliacha gari chini tukapanda kwa miguu, na tulipofika tukakuta kundi jingine limeshasimama chini ya mwamba. Dereva aliyewaleta alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu. Akajaza kiganja, akaurushia ukuta maji mara mbili tatu. "Haya, pigeni sasa, kabla hayajakauka."

Sitakuficha, Mheshimiwa: ilipendeza. Shingo ya twiga iliyokuwa kama doa la kahawia ikatoka nyekundu, na pembeni yake wakajitokeza watu wawili, wembamba, warefu, vichwa vyao vimechorwa mistari mistari kama nywele zilizosimama. Kamera zikalia, na yangu ikalia. Haikupita robo saa ukuta ukakauka. Pale maji yalipotiririka pakabaki michirizi ya vumbi lililoganda, mmoja umepita juu ya mguu wa twiga. Nikasogea kutazama. Kando yake kulikuwa na michirizi mingine, ya zamani, myeupe kama chokaa.

Hiyo myeupe ndiyo inayonikosesha usingizi. Maji yakiingia kwenye jiwe huyeyusha chumvi iliyomo, na yakikauka huiacha juu, utando juu ya utando. Rangi yenyewe ni udongo mwekundu wa ngeu. Wageni wakija, miguu yao hutimua vumbi, vumbi hukaa juu ya mchoro, mchoro hufifia, na anayetaka picha huulowesha. Vumbi lililoloa hugeuka tope jembamba, likikauka mchoro unafifia zaidi ya jana. Atakayekuja kesho atahitaji maji mengi zaidi ili aone kilekile. Tukiendelea hivi, itafika siku maji yatamwagwa na hakutatokea kitu.

Na hakuna wa kuuchora upya. Michoro ya Kondoa iliandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, ikawa ya saba na ya mwisho hadi sasa kwa nchi yetu. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, miamba iliyochorwa inazidi 150, na mingi haina mtu wa kuilinda usiku wala mchana. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipiga kambi huko mwaka 1951 akaifuatisha mistari ya michoro kwenye karatasi angavu, na wasomi wetu wenyewe, akiwemo Profesa Fidelis Masao, wameandika juu ya michoro ya Tanzania ya kati kwa miaka mingi. Waliochora ile myekundu walikuwa wawindaji. Wataalamu wengi huihusisha na wahenga wa Wasandawe, ambao hadi leo wako jirani na lugha yao yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Juu ya myekundu kuna myeupe ya waliokuja baadaye. Ukuta mmoja, na watu wa zama mbili tofauti wameacha alama zao hapo. Ninapofikiri kwamba wote hao tunawafuta kwa chupa ya dukani, naona uchungu.

Najua utaambiwa kwamba hata wenyeji humwaga vitu. Ni kweli kuna tambiko la mvua na la uponyaji, hasa pale Mungomi wa Kolo, mmoja wa miamba yenye michoro, na pombe ya kienyeji imo katika tambiko hilo. Naomba mambo haya mawili yasitiwe kapu moja. Mzee anayepanda pale kuombea mvua anarudi mahali ambapo wazee wake waliomba, na kama kuna namna ya kufanya tambiko bila kugusa michoro, hilo litapatikana kwa kukaa naye chini na kumsikiliza. Mgeni wa chupa ameomba nini pale? Picha ya simu.

Na picha hiyo inapatikana ukuta ukiwa mkavu! Ipo programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman hasa kwa ajili ya michoro ya miambani, na watafiti wa dunia nzima wanaitumia. Unapiga picha ya kawaida, programu inaachanisha rangi ambazo jicho letu linaziona kama moja, na wekundu uliofifia unajitokeza. Ipo ya kompyuta na ipo ya simu. Niliporudi nyumbani nilichukua picha niliyoipiga kwenye kona ambayo maji hayakuifikia, nikaipitisha humo. Mahali nilipodhani ni jiwe tupu palikuwa na mnyama, nadhani pofu, amesimama mzima na nundu yake begani. Maji yasingenionyesha huyo.

Kijana mwenyeji aliyetusindikiza aliniambia ameshawakataza wengi. Lakini aliyewaleta wageni ni mtu mzima mwenye gari kubwa, wageni wanataka picha, na yeye mkononi hana hata karatasi ya kuwaonyesha. Hapo ndipo ninapokuomba, Mheshimiwa. Mpe karatasi. Toa agizo la maandishi, kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine baadaye, kwamba hakuna kulowesha, kugusa wala kusugua mchoro, na kwamba chupa za maji zinaachwa hatua kadhaa kabla ya ukuta. Liwekwe pale njia ya miguu inapoanzia, na kila kampuni inayopeleka wageni ipewe nakala na isaini. Wale vijana wapewe simu mbili tatu zenye programu hiyo, wafundishwe kuitumia, ili mgeni akisema haoni kitu aonyeshwe kwenye kioo huku ukuta ukiachwa salama. Nimefundisha vijana kupiga picha. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja, na mimi niko tayari kuja kuifanya bila malipo.

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika, Kolo iko kandokando ya barabara kuu. Magari yataongezeka, na nafurahi, kwa sababu nataka watoto wa Kitanzania waione. Agizo litangulie magari hayo.

Picha ya twiga aliyeloweshwa sijaipeleka popote na sitaipeleka. Ya yule pofu nimeichapisha kwa karatasi kubwa, na nitaifikisha ofisini kwako pamoja na nakala ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpiga picha, Dodoma