Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruhusa ya Mwenye Ardhi Kabla ya Ditekta

Ndugu wanachama na wageni waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka uliomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita mmekwisha kuzipokea kutoka kwa katibu, kwa hiyo sitazigusa. Kwa idhini ya kamati, nimeitenga taarifa hii kwa jambo moja lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, nalo ni jinsi tunavyomwendea mwenye ardhi kumwomba ruhusa ya kupitisha ditekta, yaani kifaa cha kutafutia vitu vya chuma na madini vilivyofukiwa ardhini, katika shamba au ploti yake. Kamati inaamini kwamba chama hiki kitadumu au kitavunjika kutokana na jambo hili kuliko jambo lingine lolote.

Yeyote aliyeishi Nairobi na viunga vyake anajua jinsi ardhi ilivyowatia watu uchungu. Mtu asiyejulikana akionekana katika ploti ya Ruai, Kamulu au Kitengela, akitembea taratibu huku ameshika kifaa kinacholia na kuinama kila baada ya hatua chache, majirani hawafikirii kwamba anatafuta pete iliyopotea. Wanafikiri ni mpimaji aliyetumwa na mnyakuzi. Wengine hudhani anatafuta dhahabu, na wengine kwamba amekuja kufukua kitu kilichozikwa kwa siri. Hofu hizo hazikuzuka bure, kwani kuna familia zilizoamka asubuhi moja zikakuta ua umejengwa juu ya ardhi waliyoilipia kwa miaka mingi. Mwanachama anayekasirika akiulizwa maswali makali langoni hajaelewa anayemwuliza amepitia nini.

Ndiyo maana kamati imeagiza kwamba ziara ya kwanza ifanywe bila ditekta. Mwanachama aende mchana, siku ambayo wenyeji hawako kanisani, msikitini wala matangani, na asiende mvua za Machi zinapoanza na kila mkono uko jembeni, wala wakati mahindi yamesimama shambani. Apige hodi na asubiri kukaribishwa. Amwite mwenyeji mama, mzee, nyanya au babu kadiri umri unavyotaka, na salamu zichukue muda wake kabla ya kutaja lililomleta. Kisha ajitambulishe kwa jina, aonyeshe kitambulisho chake na kadi ya chama, na aeleze bila kuficha anachotafuta, sehemu gani ya shamba, kwa muda gani, atachimba kina gani, na atalifukia vipi kila shimo. Kwenda na sukari au mkate ni ada njema ya kwetu na hakuna anayeikataza. Pesa, hata hivyo, zisitolewe kabla ya jibu, kwa sababu pesa zikitangulia, mwenyeji hajaombwa tena ruhusa bali ameulizwa bei. Vilevile, pesa aliyopewa bawabu ili afungue lango haijawa ruhusa, hata kama lango limefunguka.

Swali gumu zaidi ni kujua mwenye ardhi ni nani, na hapa ninaomba mnivumilie, kwa kuwa malalamiko mazito zaidi tuliyopokea mwaka huu yalizaliwa na swali hilo. Mwanachama wetu mmoja alipewa ruhusa katika shamba la Kiambu na kijana wa boma aliyempokea vizuri na hata kumwonyesha mipaka. Siku ya pili walikuja ndugu wawili wa kijana huyo pamoja na mama yao, wakiwa na hasira, wakataka kujua ni nani aliyeuza nini. Ilibainika kwamba hatimiliki ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, kwamba kesi ya mirathi haijamalizika, na kwamba ndugu hao walikuwa wakishuku kila mgeni aliyeletwa na mmoja wao. Mwanachama wetu hakuiba wala hakudanganya. Lakini aliongeza kuni katika moto wa familia, na naibu wa chifu alilazimika kuwasuluhisha.

Tangu hapo kamati imeweka utaratibu ufuatao. Pale ambapo mwenye hatimiliki yu hai, ruhusa iombwe kwake mwenyewe, na kama anaishi mbali azungumze na mwanachama kwa simu kisha athibitishe kwa maandishi. Shamba likiwa limekodishwa, waombwe wote wawili, mwenye ardhi na mpangaji, kwa sababu udongo ni wa mmoja na mazao ni ya mwingine. Ardhi ikiwa katika mirathi, tusiingie mpaka wahusika wote wakubaliane wakiwa pamoja, na wasipokubaliana tusiingie kabisa. Penye shaka, upekuzi rasmi wa hatimiliki, ambao kwa Nairobi unaweza kufanywa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, utaonyesha jina lililosajiliwa. Huko Kajiado na kwingineko ambako ardhi ni ya jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mtu mmoja hawezi kuitolea ruhusa hata akiwa mzee anayeheshimika, na ombi lipelekwe kwa kamati ya usimamizi wa ardhi ya jamii husika.

Ardhi ya umma nayo ina wenyewe. Kuna wanaodhani kwamba bustani, msitu au ukingo wa barabara, kwa kuwa hauna ua, hauhitaji ruhusa. Msitu wa Karura uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, hifadhi za taifa ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ardhi ya reli ina mamlaka yake, ingawa ninatambua jinsi inavyowavutia wengi wetu kwa sababu reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na watu wamekuwa wakiangusha vitu kandokando yake tangu wakati huo. Msimamo wa kamati ni kwamba asiye na barua ya mamlaka husika asiwashe ditekta humo.

Ninaingia sasa katika sehemu ambayo ruhusa ya mwenye ardhi haitoshi, na ninaisema kwa uzito wote nilio nao. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006, vitu vya kale, yaani vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, vinavyogunduliwa ardhini ni mali ya serikali. Kuvitafuta bila leseni ni kosa, na anayekutana navyo kwa bahati anapaswa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyovipata. Mwenye shamba hawezi kutupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Chama chetu kinatafuta vitu vilivyopotea katika zama za karibuni, kama vile pete, funguo, vifaa vya shambani na sarafu za senti zenye tundu katikati za enzi ya ukoloni. Rupia yenye sura ya Malkia Victoria inaweza kuwa iliingia nchini kabla au baada ya 1895, na si kazi yetu kuamua. Iachwe ilipo, mwenye shamba aelezwe, na Makumbusho yajulishwe. Dhahabu nayo ina sheria yake, Sheria ya Madini ya 2016, na Katiba inayahesabu madini yote kuwa ya umma. Mwanachama anayemwambia mwenyeji kwamba wakipata dhahabu watagawana nusu kwa nusu anaahidi kitu kisicho cha yeyote kati yao.

Mwenyeji aambiwe mambo haya siku ya kwanza, si siku kitu kinapopatikana. Nimewahi kusikia hoja kwamba kumweleza sheria kutamtia hofu akatae. Akikataa kwa sababu ameelewa, basi amekataa kwa haki.

Wanachama wengi hupenda kuzungumzia hazina ya Hoxne nchini Uingereza, na nadhani inastahili kuzungumzwa, lakini kwa sababu nyingine kuliko thamani yake. Mwezi Novemba 1992, Eric Lawes aliombwa na rafiki yake mkulima, Peter Whatling, amtafutie nyundo iliyopotea shambani. Alikuwa pale kwa ombi la mkulima mwenyewe. Alipoanza kukuta sarafu na vijiko vya enzi za Warumi, aliacha kuchimba, wakatoa taarifa, na wanaakiolojia wakaja kuifukua hazina hiyo ikiwa bado imekaa kama ilivyozikwa, ndiyo maana wataalamu waliweza kujua ilipangwa vipi ndani ya sanduku lake. Lawes alipewa zawadi ya pauni milioni 1.75 na akaigawana na Whatling. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza pamoja na hazina yenyewe. Malipo ya aina hiyo yanatokana na sheria za kwao, na asiwepo mwanachama atakayemsimulia mwenyeji wa Limuru au Thika hadithi hii ili kumtia tamaa. Kinachotuhusu ni kule kuacha kuchimba. Tena mwaka 2019, huko huko Uingereza, watu wawili walifungwa jela kwa kuificha hazina ya enzi za Waviking waliyoipata Herefordshire bila kumjulisha mwenye ardhi wala mamlaka, na sarafu nyingi za hazina hiyo hazijaonekana hadi leo.

Katika mashamba ya Kiambu, Murang'a na Nyeri kuna jambo linalohitaji upole wa pekee. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, watu walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vyenye mahandaki, na wapo waliozikwa bila alama. Mwenyeji mzee anaweza kukuonyesha pembe ya shamba na kusema usifike pale, bila kueleza kwa nini. Usimwulize. Makaburi ya familia yaliyo ndani ya boma nayo yaachiwe nafasi ya kutosha, hata kama mwenyeji mwenyewe amesema hakuna tatizo. Ikitokea risasi au chuma chochote kinachofanana na bomu, kisiguswe. Mwanachama aweke alama kwa mbali, awaondoe watu, na awaite polisi, kwa kuwa hata kumiliki risasi moja bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha.

Kuna ombi moja ambalo wenyeji wamezidi kulitoa kwetu, nalo ni kutafutiwa bikoni. Vyuma vya mipaka hufukiwa na mmomonyoko au trekta, na mwenye ploti anapoona ditekta humwambia mwanachama kwamba atamruhusu ikiwa kwanza atamtafutia bikoni yake. Ombi hilo linaeleweka, lakini kamati imelikataa. Kuonyesha mpaka ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa, na kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Chuma tulichokigundua sisi kitakuwa ushahidi katika ugomvi wa majirani kabla hatujafika nyumbani. Tumjibu mwenyeji kwa adabu kwamba hatuwezi, na akiiondoa ruhusa yake kwa sababu hiyo, tuondoke.

Kukataliwa, kwa jumla, kunahitaji adabu kuliko kukubaliwa. Anayekataa hadaiwi sababu. Asirudiwe wiki inayofuata, asizungukwe kupitia kwa mke, mume au mtoto wake, wala asitajwe kwa jirani. Ashukuriwe kwa muda wake, na kama alitoa chai, inywewe. Ninafahamu kwamba baadhi yenu mmetembea mbali mkarudi mikono mitupu, na kamati inathamini uvumilivu huo.

Kwa aliyekubaliwa, kamati imeandaa fomu fupi ya Kiswahili, yenye nakala mbili, inayotaja majina ya pande zote, mipaka ya eneo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na makubaliano kuhusu vitu vya kisasa vitakavyopatikana. Ruhusa hiyo ni ya mwanachama aliyetajwa peke yake. Haibebi rafiki, na inakoma ardhi inapobadilisha mmiliki. Jioni, kabla ya kuondoka, kila kilichotoka ardhini kitandazwe mbele ya mwenyeji, pamoja na misumari na vizibo vya soda, naye achague cha kwake kwanza. Taka zote zibebwe na mwanachama. Picha za eneo zisirushwe mitandaoni, hata mwenyeji akiridhia, kwa sababu wageni watakaofuata hawatapiga hodi.

Kamati inawaomba mpige kura juu ya mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba fomu hiyo iwe ya lazima kwa kila mwanachama kuanzia mwezi ujao, na atakayeingia katika ardhi ya mtu bila fomu iliyotiwa sahihi asimamishwe uanachama hadi kamati imsikilize. La pili ni kwamba tuwaalike maafisa wa Makumbusho ya Kitaifa watufundishe kutambua vitu vya kale, gharama ikitoka katika ada za wanachama. Nakala za fomu ziko kwa katibu, na marekebisho yapokelewe kwake kabla ya kura kupigwa.

Ninawasilisha taarifa hii ili ijadiliwe na, mkiridhika nayo, ipitishwe.

Mwenyekiti
Nairobi