Malalamiko kuhusu wasifu wa Alessandro Pavolini

Mhariri Mkuu,
Kampuni ya Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: UPOTOSHAJI KATIKA KITABU CHENU CHA WATU MASHUHURI WA KARNE YA 20

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule yetu ilinunua nakala za kitabu hicho kwa ajili ya maktaba, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanakitumia wanaposoma habari za Vita Kuu ya Pili. Ukurasa wa Alessandro Pavolini unamwita mwanahabari na mlezi wa sanaa "aliyekwenda Uhabeshi (Ethiopia) kuripoti vita". Maneno hayo nayapinga.

Italia ilipoivamia Uhabeshi Oktoba 3, 1935, Pavolini alikwenda huko akiwa luteni katika kikosi cha ndege za mabomu kilichoitwa La Disperata, chini ya rafiki yake Galeazzo Ciano, mume wa binti wa Mussolini, dikteta wa Italia na kiongozi wa chama cha Kifashisti. Wakati huohuo alikuwa akiliandikia gazeti la Corriere della Sera. Yaani mtu aliyeshiriki kudondosha mabomu ndiye aliyewasimulia Waitalia habari za vita vile, na mwaka 1937 akakitolea kikosi chake kitabu kizima. Mwanafunzi akisoma ukurasa wenu atadhani bwana huyu alikaa kando na daftari lake. Tena hamkugusa hata kwa neno moja gesi ya haradali ambayo majeshi ya Italia yaliwamwagia Wahabeshi kutoka angani. Watoto hawa wanaishi Afrika Mashariki. Uhabeshi ni jirani yao.

Sikatai kwamba alikuwa msomi. Alizaliwa Florence mwaka 1903, na baba yake ni mtaalamu wa lugha aliyeutafsiri utenzi wa Wafini, Kalevala, kwa Kiitaliano. Alipokiongoza chama cha Kifashisti pale Florence, kuanzia 1929 hadi 1934, alianzisha gazeti la Il Bargello, na tamasha kubwa la muziki la mji huo lilizaliwa katika miaka hiyo. Lakini mmeyapa mambo hayo karibu ukurasa mzima, huku uwaziri wake mkiupa mstari mmoja. Kuanzia Oktoba 1939 hadi Februari 1943 alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Umma, na wizara hiyo ndiyo iliyoyapelekea magazeti maagizo ya nini kichapwe na nini kifichwe. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walipopigana na Waitalia Moyale, mpakani mwa Kenya na Uhabeshi, mwaka 1940, na mwaka uliofuata wakaingia Uhabeshi, habari ambazo Mwitalia alizisoma gazetini kuhusu mapigano hayo zilikuwa chini ya wizara ya Pavolini.

Kinachonisikitisha zaidi ni mwisho wake. Mmeandika kwamba "aliuawa 1945", basi. Nani alimuua, na kwa nini? Mussolini aliondolewa madarakani Julai 1943, na baada ya Ujerumani kumrudisha kaskazini mwa Italia mwaka huohuo, Pavolini akawa katibu wa chama kipya cha Kifashisti. Alishinikiza kesi ya Verona, ya viongozi wa Kifashisti waliopiga kura dhidi ya Mussolini, na Januari 11, 1944 Ciano, yule rafiki aliyemwinua, akapigwa risasi pamoja na wenzake wanne. Maombi yao ya msamaha hayakumfikia Mussolini. Mmoja wa waliouawa alikuwa Emilio De Bono, jenerali aliyeongoza uvamizi wa Uhabeshi ulipoanza. Mwaka huohuo Pavolini akaunda Brigedi Nyeusi, wanamgambo wa chama waliowawinda wapiganaji wa msituni na kuua raia. Wapiganaji hao ndio waliomkamata karibu na Dongo, kaskazini mwa Italia, na kumpiga risasi Aprili 28, 1945. Kesho yake maiti yake ilitundikwa katika uwanja wa Piazzale Loreto, Milano, pamoja na ya Mussolini.

Nilipopiga simu, ofisi yenu ilinijibu kwamba huo ni mtazamo wa mwandishi. Cheo cha mtu jeshini si mtazamo, wala tarehe za uwaziri si mtazamo.

Naomba mchape karatasi ya masahihisho na kuituma kwa shule zote zilizonunua kitabu hicho, kisha ukurasa huo uandikwe upya katika toleo lijalo. Ikiwa hamtafanya hivyo, mzichukue nakala zetu na kuturudishia fedha. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi kabla ya muhula mpya kuanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Tanga.