Wito wa harambee: tupaue hosteli ya mabinti kabla shule hazijafunguliwa

Ndugu zetu wa Rungwe, mliopo nyumbani na mlioko mbali, Bwana asifiwe. Mwanakondoo ameshinda, tumfuate. Na ndugu zetu Waislamu, ambao hamjawahi kutuacha peke yetu kwenye ujenzi wa shule hii, Asalaam aleikum.

Ninaandika kwa niaba ya kamati ya hosteli ya wasichana ya shule yetu ya kata. Niseme ukweli tangu mwanzo: tunaona haya kurudi kwenu. Mwaka juzi tulipita na bahasha, mkatoa. Kuta zikanyanyuka mpaka lenta. Kisha fundi tuliyempa kazi ya kenchi, yaani mbao za kubeba paa, akachukua malipo ya awali, shilingi 600,000, akaondoka na hajaonekana tena. Shauri liko kwenye baraza la kata. Kosa la kumlipa kabla mbao hazijafika ni letu sisi kamati, si la mtu mwingine, na tulilisema mbele ya ushirika Jumapili ile ile. Ila boma limebaki wazi misimu miwili ya mvua, na mvua ya Rungwe mnaijua, haina likizo. Tuliwahi kufunika kichwa cha kuta kwa majani ya migomba na mawe. Upepo uliyachukua. Sasa tofali za mstari wa juu zinameguka, udongo ulioshika unashuka ukutani na kuacha michirizi myekundu, na vyumba vitatu vya upande wa mashariki vimeota magugu yanayofika magotini.

Boma likilala tena msimu huu bila bati, mafundi wawili tofauti wametuambia neno moja: itabidi tubomoe mistari minne tuanze upya.

Nataka mumwone binti mmoja. Yuko kidato cha pili, anatoka kitongoji cha mwisho kule juu, kilometa 9 hadi shuleni. Anaamka saa tisa usiku, anatoka saa kumi. Sare ameikunja ndani ya mfuko wa salfeti uliokuwa wa mbolea, mama yake ameufua mpaka maandishi yamefutika. Viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni. Kwenye kijito kinachoshuka kuingia mto Kiwira kuna gogo moja la kuvukia, na mvua ikinyesha usiku gogo linakuwa kama limepakwa sabuni, hivyo anavuka amekaa, miguu huku na huku, anajisogeza kwa mikono. Akifika shuleni ananawa matope bombani, anabadili nguo nyuma ya stoo, anaingia darasani. Nimelishika daftari lake la Bayolojia kwa mikono yangu. Kurasa zimeshikana, wino wa bluu umetawanyika, na mchoro wa jani aliouchora vizuri kabisa umebaki kivuli. Aliniambia ameshauchora mara tatu.

Huyo ndiye mwenye nafuu, kwa sababu usiku analala kwao. Wenzake wengi wamepanga mageto pale senta. Chumba kimoja, wasichana watatu au wanne, mlango wa kufuli moja, hakuna mtu mzima. Wazazi tunayajua yanayowapata mabinti kwenye mageto na hatuyasemi kanisani. Mwaka huu wawili hawakumaliza. Serikali ilifungua mlango mwaka 2021 ili waliojifungua warudi shuleni, na mmoja wao tunamsubiri Januari, Mungu akipenda. Lakini tungependa arudi kulala wapi? Kwenye geto lile lile?

Ada tulishapumzishwa. Tangu 2016 mtoto anasoma mpaka kidato cha nne bila ada, na kwa hilo tunashukuru sana. Hosteli ni jambo letu wazazi. Utaratibu mnaufahamu: wananchi wananyanyua boma, serikali inakuja kumalizia, na maboma ni mengi, zamu haijatufikia.

Sasa Desemba hii. Naijua Desemba yetu kwa sababu na mimi naiishi. Kipaimara, ubarikio, harusi tatu Jumamosi moja, sendoff, kwaya inazindua, watoto wa mjini wamerudi na magari, kila nyumba ina mgeni na kila mgeni achinjiwe. Mwezi huu nimeshakaa kwenye kamati mbili za sendoff. Katika moja tulikusanya milioni 7 kwa wiki tatu, na hakuna aliyelalamika; tulipigiana simu usiku, tukakumbushana ahadi, aliyechelewa tukamfuata kazini. Siisemi vibaya shughuli ile. Binti yetu alistahili na tulicheza mpaka asubuhi. Ninachouliza ni kwa nini tunajua kufuatana hivyo kwa ajili ya ukumbi wa siku moja, na kwa paa litakalolaza mabinti 48 kila usiku tunasema hali ngumu. Nabii Hagai aliwauliza watu wake kama ni haki wao kukaa kwenye nyumba zilizofunikwa vizuri huku ile nyingine iko wazi. Mchungaji alilisoma andiko hilo Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kanisa lilikuwa kimya sana.

Tumeanza na tulichonacho. Jumapili iliyopita baada ya ibada kulikuwa na mnada. Bibi mmoja wa mtaa wa chini, anayetembelea fimbo, alileta mkungu wa ndizi ameubebesha mjukuu. Ukanunuliwa elfu 20, mnunuzi akaurudisha mezani. Ukanunuliwa tena, ukarudishwa tena. Mara ya nne ukachukuliwa na vijana wa kwaya waliochangishana papo hapo, na mkungu ule mmoja ulikuwa umeingiza shilingi 85,000. Bibi alibaki amesimama muda wote, hakukubali kiti. Ndaga fijo, asante sana, bibi yetu.

Hesabu ni hii. Mabati 180 ya geji 28, kwa 32,000 kila moja, ni shilingi 5,760,000. Mbao 2,745,000. Misumari, kofia na dawa ya mbao 415,000. Ufundi 1,400,000, nao unalipwa kwa awamu baada ya kazi kukaguliwa, si kabla. Jumla 10,320,000. Mpaka Jumapili ya tarehe 14 Desemba mkononi tuna 4,115,000, ikiwemo fedha ya mnada. Pengo ni shilingi 6,205,000.

Pengo hilo tumeamua kulitembea. Jumamosi ya tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi, tutaifuata njia ya yule binti, kutoka shuleni hadi kitongoji cha mwisho na kurudi, kilometa 18. Kila kilometa tunaomba shilingi 1,000. Wakipatikana watu 345 wa kuilipia njia nzima, yaani 18,000 kila mmoja, pengo limezibika. Hatukuchagua barabara ya lami ya kwenda Tukuyu ingawa ingekuwa rahisi kwa magari na picha. Tunataka wenye miguu ya mjini wakanyage pale anapokanyaga yeye.

Mazoezi yanaendelea kila Jumamosi. Tarehe 6 tulikuwa kumi na mmoja tu, na karibu na mashamba ya chai mvua ya mawe ikatukuta hatuna pa kujificha. Tulijifunika vichwa kwa mabegi. Kwa robo saa hivi ardhi yote ilikuwa nyeupe, majani ya chai yamelala, na mzee mmoja wa kanisa akaendelea kutembea huku anaimba, ikabidi na sisi tuendelee. Tarehe 13 tulikuwa thelathini na wawili. Tulipanda Ngosi, kwenye ziwa la kreta. Njia ya msituni ilikuwa utelezi mtupu, tunashika mizizi na mashina ya miti, na tulipofika juu ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote, hatukuona hata tone. Tulikaa pale tukala viazi vya kuchemsha na chumvi. Mama mmoja, mfanyabiashara wa Mwanjelwa ambaye alikuja kumsindikiza tu mwanawe, alifungua pochi akalipa mabati matatu kabla hatujashuka. Jumamosi hii ya tarehe 20 tutaanza kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuelekea miteremko ya Mlima Rungwe. Hatupandi kileleni, mita 2,960 kwa matope ya mwezi huu si kazi ya watu wenye kamati jioni.

Na kuna mwenzetu mmoja anayefanya mazoezi kwenye theluji. Ni binti wa kijiji hiki, alisoma shule hii hii miaka ile madarasa yalikuwa mawili, na leo ni muuguzi huko Scotland. Tulipomweleza habari ya matembezi, alisema hawezi kupata likizo ya kuja, lakini kilometa 18 atazitembea huko huko, siku hiyo hiyo. Kila akitoka zamu anapanda vilima vya Pentland, nje ya jiji la Edinburgh. Mwezi huu kule jua linachomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi, kwa hiyo mara nyingi anatembea na tochi ya kichwani. Alitutumia sauti kwenye simu: unasikia anahema, na chini yake kitu kinasagika, krr, krr. Anasema theluji mpya ukiikanyaga inalia kama chumvi ya mawe, na ikishakanyagwa na wengi inakuwa kioo, ndiyo maana amefunga kucha za chuma chini ya buti. Akasema inamkumbusha asubuhi za Juni alipokuwa mdogo, wakienda kwa shangazi yake Kitulo, nyasi zimeganda na kuwa nyeupe, na wao wanakimbia peku ili miguu isife ganzi. Tulimtumia picha ya mvua ya mawe. Akajibu, "Sasa tuko njia moja."

Wenzake wa kazini 22 wameahidi kumlipia pauni moja kila kilometa. Hiyo hatujaiweka kwenye zile milioni 4, kwa sababu ahadi tunaihesabu ikishaingia. Lakini ninawaomba mlifikirie jambo hili. Watu ishirini na wawili ambao hawajui Kiwira iko upande gani wa dunia wamekubali kumwezekea mtoto wetu. Ninyi mnaojua harufu ya ukungu huu, mliopita kwenye gogo lile lile, mliobebeshwa mawe ya mto na mama zetu wakati wa msingi wa madarasa, mliochangia maabara mwaka 2014 hata mkauza ndama, mtatuacha?

Mwenye bati moja alete bati moja. Mwenye kilometa moja, elfu yake tunaipokea kwa heshima ile ile. Mwenye gunia la viazi, debe la maharage au jogoo, mnada upo Jumapili ya tarehe 21. Asiye na kitu aje na fimbo na miguu. Namba ya kulipia imeandikwa kwenye kadi za kilometa walizonazo wazee wa kanisa na viongozi wa vitongoji. Tafadhali msitume kwenye namba ya mtu binafsi, hata ikiwa ni yangu. Kila mchango una risiti. Majina na viwango vinasomwa kila Jumapili na kubandikwa ofisi ya kata, fedha inatolewa benki kwa saini tatu, na safari hii mabati yatanunuliwa na watu wanne pamoja, yahesabiwe mbele ya wazazi kabla ya kuingia stoo. Fundi mpya ameahidi kwamba mbao zikiwa eneo la kazi tarehe 30 Desemba, paa litakuwa limekaa kabla ya wanafunzi kuripoti.

Tarehe 27 tukutane shuleni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Njoo na koti la mvua, viatu vyenye meno, chupa ya maji na nguo ya kubadili ndani ya mfuko. Akina mama wa ushirika watapika uji wa kuanzia, na mchana tutakula makande kule juu kwa wazazi wa kitongoji, ambao wamekataa kabisa tusibebe chakula chetu. Kwenye kijito tutapita mmoja mmoja. Yule binti wa kidato cha pili atakuwa amesimama upande wa pili wa gogo, atatuonyesha pa kushika.