Kabla Hamjanunua Chupa: Barua kwa Wanangu Mnaorudi Kazini

Wanangu,

Salamu kwenu na kwa wachanga mlio nao kifuani. Ama baada ya salamu, nimeona nikae niandike, kwa kuwa swali mnaloniletea kibarazani ni lile lile: "Bibi, nimzoeshe chupa mapema asije akanisumbua nikirudi kazini?" Wiki iliyopita mmelileta wanne. Nimewajibu mkiwa mmesimama, mmoja bodaboda inamngoja nje, na jibu la kusimama halitoshi kwa jambo hili.

Nimezalisha wanawake miaka 34 kabla sijastaafu, nimelea wanangu wanne, na hadi leo majirani huniita wakipata mtoto anayekataa ziwa.

Najua swali lenu linatokea wapi. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, na wengine mmeanza kuzitumia kabla ya kujifungua, miguu ilipovimba. Kliniki nako mmeambiwa miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Hesabu hizo mbili hazikutani. Mama akiziangalia usiku, mtoto ana wiki mbili tu, anaingiwa na hofu, na asubuhi anamtuma mtu dukani akalete chupa.

Wiki mbili ni mapema mno, wanangu. Mtoto wa umri huo bado anajifunza kunyonya, na ziwa lenyewe bado linajifunza atahitaji kiasi gani. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Kila mara chupa inaposhika zamu ya ziwa na wewe usikamue, mwili unaelewa kwamba maziwa hayo hayatakiwi tena, unapunguza. Baada ya siku kumi mama anakuja kwangu analia kwamba maziwa yake hayatoshi. Yalikuwa yanatosha.

Halafu kuna kazi ya mdomo. Kwenye ziwa mtoto anafumbua kinywa sana, anatoa ulimi juu ya ufizi wa chini, anavuta chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, anafanya kazi kwa taya, kisha anasubiri kidogo maziwa yashuke. Chupa inadondosha mara tu anapofumba mdomo. Wapo watoto wanaovimudu vyote viwili bila shida. Wapo wanaochagua, na huwezi kumjua wako yuko kundi gani mpaka ameshachagua.

Wa kwangu alichagua. Ni mwanangu wa pili, aliyezaliwa mwaka 1988. Nilikuwa nimesomea haya yote, lakini zamu za usiku zilikuwa zinanisubiri na niliogopa. Nikampa chupa akiwa na wiki tatu, kila siku mara moja, kisha mbili. Alipotimiza wiki sita alisusa ziwa. Nikimsogeza kifuani anajikunja mgongo kama upinde, anageuza uso, analia mpaka sauti inakauka. Kifua changu kimejaa, gauni limelowa mbele, na mtoto wangu anaikataa harufu yangu. Sijasahau mpaka leo.

Nilikaa naye siku nane. Chupa niliitoa nyumbani, nikawa namkamulia kwenye kikombe ili asikae na njaa, maana mtoto mwenye njaa kali hajifunzi kitu. Mchana kutwa nilimbeba ngozi kwa ngozi ndani ya khanga, bila kumlazimisha ziwa. Nilimpa pale tu anapoanza kusinzia, au anapoamka kabla hajalia, nikiwa nimekamua matone machache juu ya chuchu ayaonje kwanza. Usiku wa tisa, saa tisa alfajiri, aliligusa ziwa kwa shavu, akalishika mwenyewe, akanyonya amefumba macho. Kwa hiyo ambaye wa kwake ameshasusa asikate tamaa, anarudi. Ila ni siku ambazo singependa mmoja wenu azipitie kwa sababu ya haraka ya dukani.

Basi msimamo wangu ni huu: anayeweza kutumia kikombe asinunue chupa kabisa. Naona mnashtuka. Mnadhani kikombe ni cha mtoto wa mwaka mmoja. Wodini tuliwanywesha kwa kikombe watoto njiti ambao hawakuwa na nguvu hata ya kuvuta ziwa. Chukua kile kikombe kidogo cha kahawa chenye ukingo laini. Mkalishe mtoto wima pajani, mikono yake umeifunga kwa khanga asipige. Weka ukingo juu ya mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse tu mdomo, halafu usimimine. Ngoja. Ulimi utatoka wenyewe, utaramba kama paka mdogo anavyoramba. Anameza, anapumzika, anaramba tena. Akishiba anafunga mdomo na kugeuza uso, nawe unaacha, hata kama kikombe kimebaki na kitu. Mara ya kwanza nusu itaishia shingoni. Mara ya nne au ya tano utashangaa.

Na kikombe kinasafishika. Hilo ndilo lililonifanya niwe mkali. Miaka ya nyuma niliitwa nyumba moja, mtoto ana miezi minne anaharisha, na wote wanasema ni meno. Niliomba chupa yake. Kwa macho ilikuwa safi, imesuuzwa. Nikafungua kifuniko, nikaitoa chuchu, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha: shingoni mwake palikuwa na duara la maziwa yaliyogandiana, ya njano, yana harufu ya mtindi uliokaa. Yule dada wa kazi alikuwa anaosha kila siku, masikini. Hakuna aliyemwonyesha pa kuosha. Kikombe hakina kona ya kuficha uchafu. Sabuni, maji safi, kisha maji ya moto, basi.

Lakini siwezi kuwaambia kwamba kila chupa ni sumu, kwa sababu si kweli. Zile hatua kumi za kunyonyesha za WHO na UNICEF za mwaka 1989 zilikataza wachanga wanaonyonya kupewa chuchu za bandia. Zilipopitiwa upya mwaka 2018, agizo likawa mama ashauriwe juu ya matumizi na hatari zake. Nami ndivyo ninavyofanya hapa. Kama mtu utakayemwachia mtoto hawezi kikombe, au ameshajaribu wiki nzima na mtoto analala njaa, tumia chupa, na usijione mama mbaya.

Ila subiri wiki nne hadi sita zipite, kunyonya kuwe kumekaa sawa. Anza na maziwa yako uliyoyakamua. Usimpe wewe, mpe baba yake au bibi yake au dada, nawe utoke chumbani kabisa, maana akikunusa atadai ziwa, na ana haki. Tafuta chuchu inayotoa polepole, wala asiwepo wa kuipanua tundu kwa wembe ili uji upite. Mtoto awe wima, chupa ilale karibu sawasawa, apewe nafasi ya kupumua. Asiachiwe chupa imeegemezwa kwenye mto. Na ichemshwe, vipande vyote vimetenganishwa.

Hofu nyingine ni ya wingi. Mnaona wenzenu wamejaza jokofu vifuko, mnadhani mnatakiwa kuacha ndoo. Mtoto anayenyonya tu, kati ya mwezi mmoja na sita, hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ukiwa nje kwa muda wa saa kumi kutwa, pamoja na foleni ya Mbagala, mililita 300 au 350 zinamtosha wengi. Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi, mara moja asubuhi baada ya kunyonyesha, kwa mkono uliooshwa vizuri. Siku ya kwanza utapata kijiko kimoja. Usilie. Mkono na ziwa vinazoeana.

Kwa joto letu maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji siku nne, nyuma kabisa na si mlangoni. Mafuta yakipanda juu hayajaharibika, yatikise taratibu. Yapashe kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiwekwe motoni. Aliyobakiza mtoto yamwagwe saa mbili zikipita. Ukikamulia kazini, beba deli dogo lenye barafu.

Na kazini huko mna haki ambayo wengi hamuiombi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Andikeni barua kabla hamjarudi. Anayekaa mbali asiyeweza kuletewa mtoto aombe muda huo akamulie, au atoke mapema. Niliona wanawake wakikamulia chooni kwa kujificha, na iliniuma. Usikamulie chooni, mwanangu. Omba chumba chenye mlango.

Mama anayetumia dawa za VVU ananyonyesha kama wengine, lakini asichanganye na maziwa ya kopo kabla hajaongea na muuguzi wake. Na ambaye kwa sababu yake analazimika kutumia kopo, aje tukae tuone vipimo na maji, bila aibu.

Mtakaporudi kazini mtoto atanyonya sana usiku. Mwacheni. Amekukosa kutwa, na kunyonya usiku ndiko kunakoshikilia maziwa. Mchana huenda akanywa kidogo tu akikusubiri. Angalieni mkojo, mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi ya kliniki ukipanda. Huo ndio ushahidi, kuliko maneno ya jirani.

Dada wa kazi naye mwanzeni mapema, si usiku wa kuamkia kazi. Mara nyingi na yeye ni binti mdogo, anaachiwa mtoto anayelia na anaogopa kukupigia simu. Mpe siku tano akunyweshee wewe ukiwepo, umsahihishe kwa upole.

Alhamisi kuanzia saa kumi jioni nitakuwepo kibarazani. Mnaorudi kazini mwezi huu njooni kwanza, kila mtu na kikombe chake na huyo atakayemwachia mtoto. Maziwa kidogo mkamulie hapa hapa, maji ya kunawa nitakuwa nimeshachemsha.

Bibi yenu,
Mbagala