PSA yako imepanda? Soma hapa kabla ya kukata tamaa

Wazee wengi wanaopima tezi dume katika maabara yetu hushika karatasi ya majibu ya PSA na kuuliza: "Hii 6 ndiyo saratani?" Namba hiyo peke yake haitoshi kusema hivyo, na tungependa kila mteja aelewe sababu.

PSA ni protini ya shahawa. Haitoki kwenye mbegu zenyewe bali kwenye tezi dume, kwa hiyo hata mwanaume aliyefunga uzazi anayo. Shahawa zikishatoka huganda kwanza. PSA huzikatakata protini zilizozigandisha, na ndani ya nusu saa hivi zinakuwa majimaji, mbegu zikapata njia. Kwenye damu huvuja kidogo mno, ndiyo maana tunaipima kwa nanogramu. Tezi ikipata shida, inavuja zaidi. Lakini shida hiyo yaweza kuwa saratani, kutanuka kwa tezi kunakokuja na umri, au maambukizi tu.

Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ni nanogramu 4 kwa mililita moja ya damu. Kati ya wenye 4 hadi 10, takriban mmoja kwa wanne ndiye hukutwa na saratani akichukuliwa kipande kidogo cha tezi kikapimwa. Na wapo wenye saratani ilhali PSA iko chini ya 4, kwa hiyo daktari akitaka kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, baba, kubali.

Siku mbili kabla ya kuja, usifanye tendo la ndoa wala usiendeshe baiskeli. Vyote vinaweza kuipandisha. Kama una UTI, tibiwa kwanza, usubiri kama wiki sita. Unatumia finasteride, dawa ya kutanuka kwa tezi dume? Tuambie bila kuona haya. Dawa hiyo huishusha PSA karibu nusu, na majibu yakaonekana mazuri wakati hali si nzuri.

Kwa aliyekwisha kutibiwa saratani ya tezi dume, kipimo hiki kina nguvu zaidi. Tezi ikiondolewa yote kwa upasuaji, baada ya wiki chache PSA inatakiwa iwe karibu haionekani kabisa. Ikianza kupanda tena, daktari anajua kuna chembe za saratani zilizobaki au zilizorudi, mara nyingi kabla mgonjwa hajahisi maumivu yoyote. Hapo tunachoangalia ni mwendo wa namba, kwa hiyo pimia maabara ileile kila mara, na ukija kwetu mara ya kwanza, njoo na majibu yako yote ya zamani.