Barua ya wazi kwa vijana wa Bukoba mnaoandika habari za majirani zetu

Wanangu,

Nimesikia mmejikusanya, na kwa simu na madaftari yenu mnapita Kashai, Hamugembe na Rwamishenye kuwahoji watu waliotenda makubwa na hakuna aliyewaandika. Nimefurahi kweli. Langu ni moja: ulizeni kazi ilivyofanyika. Mkianza na sifa, mtawavika watu kilemba cha ukoka, na wenyewe hawakukiomba.

Kumbukeni asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja wetu. Walikuwamo watu 43; 19 wakafa, 24 wakaokoka. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao akawa gumzo la nchi nzima, akapewa fedha, akapewa kazi Zimamoto. Alistahili, maana alijitosa mpaka naye akalazwa hospitali. Halafu yakazuka mabishano: mlango wa ndege ulifunguliwa na nani, waliokuwa nje au waliokuwa ndani? Maneno makali yakamwandama kijana wa watu. Simlaumu hata chembe. Nawalaumu waliokimbilia kumtangaza kabla ya kuwasikiliza abiria, wahudumu wa ndege na wavuvi wenzake. Mtu aliye majini anaona upande wake tu. Wahojini watano, kila mmoja atawapa alichokiona, na hapatakuwa na sababu ya mtu kuja kumwita mwenzake mwongo. Na wale wavuvi wengine? Tuliwaita "wavuvi", basi. Nani alipiga kasia, nani alishika kamba, nani alivua shati akamfunika majeruhi? Watafuteni hao.

Lakini walio moyoni mwangu zaidi ni bibi zetu. Mkoa huu ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Miaka iliyofuata ikawachukua watu wa makamo, nyumba nyingi zikabaki na vikongwe na watoto. Wapo waliolea wajukuu watano, sita, kwa jembe la mkono, na hakuna aliyewahi kuwaita mashujaa. Ukimwendea bibi kama huyo ukamuuliza alijisikiaje, atakujibu, "Mungu alisaidia," na mazungumzo yamekwisha. Muulize ada alipata wapi, maana enzi hizo shule ya msingi ililipiwa, ada ikafutwa miaka ya 2000 ilipoingia. Muulize sare moja ilivaliwa na wangapi. Muulize alimwachia nani mtoto mdogo alipokwenda kibaruani. Hapo ndipo atakapokuonyesha jinsi alivyosuka mikeka usiku kwa mwanga wa kibatari, atakutajia mkungu wa ndizi aliuuza kwa bei gani, na atamtaja jirani aliyekuwa akimwekea maharage mlangoni alfajiri bila kubisha hodi. Huyo jirani kama yu hai, kesho yake nendeni kwake.

Msiende asubuhi, watu wako shambani. Akitaka kusema Kihaya mwacheni aseme Kihaya. Kutafsiri ni kazi yenu, si yake. Simu ya kurekodi iwekwe mbele yake, baada ya kumwomba. Na akinyamaza, nyamazeni naye. Nawaona vijana wengi, mzee akivuta pumzi tu wameshapachika swali jingine, na lile alilokuwa analitafuta linapotea.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Wale wajukuu leo ni watu wazima, wana ndoa na kazi. Bibi akiwaambia mama yao alikufa kwa ugonjwa gani, au ni nani kati yao anatumia dawa, hajawapa ruhusa ya kuandika. Siri hiyo si yake kuigawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda, na sasa ipo pia ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwendeeni mjukuu mwenyewe. Akikataa, acheni, hata kama ndicho kipande kinachowaliza.

Habari ikishaandikwa, rudini mkamsomee mwenyewe mpaka mwisho. Akisema, "Hapa sikusema hivi," rekebisheni mbele yake. Picha nayo achague yeye atavaa nini na atakaa wapi. Nimechoka kuona bibi zetu wakisimamishwa mbele ya ukuta uliopasuka, na khanga iliyochakaa, ilhali sandukuni wana nguo nzuri ya kanisani. Mnayemwandika ni mtu aliyeshinda. Apigwe picha kama mshindi.

Anzeni na wakongwe. Majeshi ya Amin yalituvamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Aliyekuwa na miaka 30 siku zile sasa anakaribia 80. Wapo waliokimbia wakiwa wamebeba watoto wasio wao, na wapo waliowafungulia wakimbizi milango wakala nao kidogo walichokuwa nacho. Njooni nyumbani Jumapili baada ya ibada. Nina majina kadhaa, nami nitatangulia kuwaombea nafasi kwa familia zao.

Ni mimi mzee wenu, mwalimu mstaafu.